Kufa Kupi Kunazaa Uhai? Tafakari ya Kwaresima kutoka Haydom



Wapendwa vijana, tumeshapakwa majivu, Aleluya imenyamaza, na zambarau imefunika altare zetu. Ukihesabu kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu utapata siku 46. Ondoa Dominika sita, ambazo hatufungi kwa sababu kila Dominika ni kumbukumbu ya Ufufuko, zinabaki 40. Hizo ndizo siku zetu za jangwani pamoja na Bwana.

Katika siku hizi kuna neno moja linalorudi kila mahali: kwenye masomo, kwenye Njia ya Msalaba, kwenye mahubiri, hata kwenye nyimbo za jumuiya. Neno hilo ni kufa. Kufa kwa dhambi. Kufa kwa nafsi. Kufa pamoja na Kristo. Tumelizoea mno mpaka halitushtui tena, tunalitamka kama tunavyotamka "amina".

Lakini kuna binti mmoja wa kidato cha tano bado linamshtua, na namshukuru kwa hilo. Baada ya mkutano wa vijana hapa Haydom, ninakofanya mwaka wangu wa kichungaji, aliniuliza hivi: "Frateri, mbona Kanisa linapenda kifo hivyo? Sisi huku kifo tunakiona kila siku, hatuhitaji kukumbushwa. Kwa nini tusiambiwe tu tuishi?"

Hilo si swali la utovu wa imani. Ni swali la kifalsafa kabisa, tena la kimaadili, kwa sababu jibu lake likikosewa watu wanaumia. Hebu tulitafakari pamoja, polepole.

1. Je, mbegu inakufa kweli?

Tuanze na Injili ya Yohane, sura ya 12, aya ya 24. Yesu anatoa mfano wa punje ya ngano: isipoanguka ardhini ikafa, hubaki peke yake, ikifa, huzaa sana.

Sisi watu wa Mbulu na Hanang tunaijua ngano. Tambarare za Basotu ni nchi ya ngano. Na mkulima yeyote akisikia mfano huu kwa makini ana haki ya kupinga. Atasema: "Frateri, mbegu iliyokufa haioti." Ni kweli. Ukiuziwa mbegu mbovu unapanda, mvua inanyesha, unasubiri, hakuna kitu. Imekufa, basi. Kwa hiyo Yesu alikuwa anasema nini?

Waulize waliosoma kilimo. Ndani ya punje ya ngano kuna kiini kidogo sana, na sehemu kubwa inayobaki ni akiba ya chakula. Maji yanapoingia, punje inavimba, ganda linapasuka, mzizi unatangulia kwenda chini, kisha chipukizi linapanda juu. Mmea mchanga unakula ile akiba mpaka majani yatakapopata jua na kuanza kujitengenezea chakula. Ukifukua baada ya wiki chache utakuta ganda tupu. Uhai haujafa, uhai umesonga mbele. Kilichokwisha ni akiba, kilichopasuka ni ganda, na kilichotoweka ni ule umbo la kuwa punje.

Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki tuliyekaa naye miezi mingi darasani, angesema kwamba punje ina uwezekano wa kuwa mmea, ila uwezekano huo hauwezi kutimia wakati punje inang'ang'ania kubaki punje. Huwezi kuwa vyote viwili. Ili kitu kipokee umbo jipya, lazima kiachie umbo la zamani.

Sasa rudi kwenye maneno ya Yesu uone jambo ambalo ni rahisi kulipita. Hasemi kwamba punje isipokufa "itaishi". Anasema itabaki peke yake. Kwa Yesu, kinyume cha kufa huku ni upweke, na hapo ndipo penye ufunguo. Punje iliyoko kwenye gunia ni salama, kavu, nzima, nzuri kwa macho, lakini iko peke yake hata ikiwa na wenzake elfu kumi kwenye gunia hilo hilo. Na wala haitadumu. Tunajua wenyewe dumuzi wanavyofanya kazi kimya kimya ghalani. Unafungua gunia unakuta unga.

Kwa hiyo hatuchagui kati ya kwisha na kutokwisha. Kila punje inakwisha. Tunachochagua ni mahali pa kuishia: kwenye gunia au kwenye udongo.

2. Pingamizi la Nietzsche

Yule binti wa kidato cha tano ana mwenzake maarufu, ingawa sidhani kama anamjua. Friedrich Nietzsche, mwanafalsafa Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1844, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, aliushtaki Ukristo kwa kosa hilo hilo: kwamba umewafundisha watu kuuchukia uhai, kuuonea aibu mwili, na kuuita udhaifu kuwa ni fadhila.

Tusimjibu kwa hasira. Tukubali kwanza kwamba wapo Wakristo wanaoishi kana kwamba Nietzsche alikuwa sahihi. Wanafunga kwa uso wa kununa. Wanadhani Mungu anafurahi wao wakiteseka. Fikra hiyo haikutoka kwenye Biblia. Ina harufu ya Plato, ambaye katika kitabu chake Phaedo anamwonesha Sokrate akisema kwamba mwenye hekima maisha yake yote anajizoeza kufa, na kwamba mwili ni kama gereza la roho. Ina harufu pia ya Wamanikayo, ambao Mtakatifu Agostino alikuwa pamoja nao kwa karibu miaka tisa kabla hajawaacha. Kanisa lilikataa mafundisho hayo. Mwili ni kiumbe cha Mungu. Neno alitwaa mwili.

Angalia hata sheria zetu zilivyo na kiasi. Kufunga kwa lazima ni siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa mwenye umri wa kuanzia miaka 18 hadi anapoanza mwaka wake wa 60. Mgonjwa hafungwi na sheria hiyo, wala mama mjamzito. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba kufunga kunapaswa kuongozwa na akili, na kwamba kujinyima mpaka mwili ushindwe kutimiza wajibu wake si fadhila hata kidogo.

Na kwa nini Ijumaa tunaacha nyama? Si kwa sababu nyama ni mbaya. Tunaiacha kwa sababu ni nzuri. Hakuna mtu anayetoa takataka akaziita sadaka. Anayeacha kitu kizuri hakichukii. Anatangaza kwamba kipo kizuri zaidi, na kwamba hiki kidogo hakitamfunga kamba shingoni.

Hapa niseme jambo moja la kwetu. Miezi hii ya Februari na Machi, mahindi yakiwa bado shambani, maghala mengi yanakaribia chini. Zipo nyumba zinazopika mara moja kwa siku, Kwaresima au si Kwaresima. Ukimwendea mama wa nyumba ile ukamhubiria uzuri wa kujinyima, unamtania. Nabii Isaya, sura ya 58, alishalimaliza suala hili: mfungo anaoutaka Mungu ni kufungua vifungo vya uonevu, na kumgawia mwenye njaa chakula chako. Mababa wa Kanisa walifundisha hivyo hivyo, kwamba unachokiacha mezani lazima kiende mahali. Kisipoenda kwa jirani, hujafunga, umebana matumizi tu.

3. Vifo visivyozaa

Sasa tufike penye ugumu wenyewe. Kama kufa kunazaa uhai, je, kila kufa kunazaa? Je, tumwambie kila anayeteseka kwamba yeye ni punje ya ngano?

Tarehe 3 Desemba 2023, siku ya Dominika ya kwanza ya Majilio, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wapo kati yetu waliozika ndugu zao. Ukimkuta mama aliyepoteza watoto wake kwenye tope lile, ukamfungulia Yohane 12 kana kwamba ni maelezo ya kilichompata, unamwongezea jeraha. Kitabu cha Hekima, sura ya kwanza, kinatuambia wazi kwamba Mungu hakukifanya kifo, wala hafurahii kuangamia kwa walio hai. Mbele ya kifo cha namna ile, Mkristo analia kwanza. Yesu mwenyewe, kwenye kaburi la Lazaro, alilia kabla ya kusema neno la kufufua.

Upo mfano mwingine ulio karibu zaidi na ngano yenyewe. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, Serikali yetu ikisaidiwa na Canada ilianzisha mashamba makubwa ya ngano Hanang chini ya shirika la umma la NAFCO. Mashamba hayo yalikuja kuchukua takriban ekari 100,000. Nia ilikuwa njema kwa maneno: nchi ijitosheleze kwa mkate. Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa malisho bora ya Wabarabaig, ndugu zetu wa jamii ya Wadatoga. Waliondolewa.

Na si malisho tu. Kwa Wabarabaig, mzee mwenye heshima akifa hazikwi kwa siku moja yakaisha. Koo zinakusanyika, na kwa miezi wanajenga tuta juu ya kaburi lake, linapandishwa hatua kwa hatua mpaka likamilike. Mahali pale panabaki patakatifu, na ukoo unajua ulikotoka. Mengi ya makaburi hayo yakajikuta ndani ya mashamba, na mengine yakalimwa na matrekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi mwaka 1984, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua.

Nalitaja hili nikiwa na sababu. Hapa hapa Hanang punje ya ngano ilianguka ardhini, ikazaa sana, na mkate ukaliwa mijini. Ila aliyelazimishwa kufa ili ngano ile iote hakuwa aliyekula mkate. Mtu angeweza kusema, "Ni sadaka kwa ajili ya Taifa." Sadaka ya nani? Mtu hawezi kutoa sadaka ng'ombe wa jirani.

Hivyo tuseme wazi: kufa kuna mwenyewe. Kufa kunakozaa uhai ni kule ambako mwenyewe anajitoa. Ukimlazimisha mwingine afe, hata kama unatumia lugha ya Injili, hiyo haiitwi sadaka, inaitwa kuua. Katika Yohane sura ya 10 Yesu anasisitiza kwamba hakuna anayemnyang'anya uhai wake, anautoa mwenyewe. Na tunasahau kwamba kabla ya saa yake kufika alikwepa kifo zaidi ya mara moja. Nazareti walitaka kumsukuma kutoka ukingoni mwa mlima, akapita katikati yao akaenda zake. Yerusalemu walishika mawe, akajificha akatoka hekaluni. Hata usiku ule wa kukamatwa, mtumishi alipompiga kofi, hakunyamaza. Alimuuliza, kama nimesema vema, mbona unanipiga?

Basi dada unayepigwa nyumbani na kuambiwa "vumilia, huo ndio msalaba wako", sikiliza: kofi la mumeo si msalaba wa Kristo. Ni dhambi ya mumeo. Binti wa kazi asiyelipwa mshahara hajaitwa kufa kwa nafsi. Bosi wake ndiye anayeitwa kutubu. Pilato alikuwa na kazi yake katika habari ya mateso, lakini hakuna mahali Injili inatuambia tumsaidie Pilato.

Ili tusichanganye mambo, natumia vipimo vitatu. Cha kwanza: ninachokitoa ni changu? Cha pili: ninakitoa kwa hiari, bila kisu cha mtu shingoni? Cha tatu: kuna mtu anayepata uhai kwa sababu nimekitoa? Fikiria Mtakatifu Maximilian Kolbe, padre Mfransiskani huko Auschwitz mwaka 1941. Maisha yalikuwa yake. Alijitokeza mwenyewe mstarini. Na Franciszek Gajowniczek, baba wa familia ambaye Kolbe alichukua nafasi yake, aliishi hadi mwaka 1995. Vipimo vyote vitatu vinajibu ndiyo. Pima na sadaka zako hivyo, hata zile ndogo.

4. Kung'atuka kwa nafsi

Sasa tukijua kufa kupi si kwenyewe, tuulize kwenyewe ni kupi. Nadhani Kiswahili chetu kina neno linalosaidia kuliko mengi ya vitabuni: kung'atuka. Mwalimu Nyerere, ambaye leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, ndiye aliyelileta neno hili kutoka Kizanaki, akalitumia alipoachia urais mwaka 1985. Kung'atuka si kufukuzwa, wala si kushindwa uchaguzi. Ni kuinuka mwenyewe kwenye kiti wakati bado ungeweza kukaa.

Ndiyo, najua mtu makini ataniambia kwamba Serikali iliyowaondoa Wabarabaig ni ya Mwalimu huyo huyo. Ni kweli, na tusilifiche. Linatufundisha kwamba mtu, hata mkubwa, anaweza kung'atuka kwenye kiti kimoja huku kingine bado kimekaliwa. Ndiyo maana Kwaresima inarudi kila mwaka.

Kwa hiyo ndani ya kila mmoja wetu kuna kiti. Swali la Kwaresima ni: nani amekikalia?

Kwa wengine ni simu. Unaamka, kabla ya ishara ya msalaba umeshagusa kioo. Kwa wengine ni kubeti. Kijana wa bodaboda anazunguka siku nzima, Haydom hadi vijijini na kurudi, vumbi hadi kwenye kope, jioni nusu ya hela inaishia kwenye mkeka. Anakwambia "kesho natoboa". Ukimwambia aache anahisi unamuua, maana tumaini lake lote liko pale. Na kwa maana fulani ni kweli, kuna mtu lazima afe pale: yule "mimi" wa kesho asiyewahi kufika. Akifa huyo, ndipo yule wa leo anapata nafasi ya kupeleka unga nyumbani.

Kwa wengine kiti kimekaliwa na kabila. Haydom ni mahali pa ajabu. Wairaqw, Wadatoga, Wanyiramba, Wanyisanzu na Wahadzabe wa Yaeda tunakutana sokoni, lugha ambazo nyingi hata hazina undugu wa karibu. Ila sikiliza tunavyoitana. Wengi wetu bado tunawaita Wadatoga "Wamang'ati", neno lenye asili ya Kimasai linalomaanisha maadui. Unapokea Komunyo Dominika, Jumatatu unamwita jirani "adui" na hata hujali. Kuacha nyama ni rahisi kuliko kuacha jina hilo, kwa sababu kuna raha fulani ya kujiona bora, na raha hiyo haipendi kufa. Jaribu mwaka huu kufunga neno hilo kwa siku 40. Halafu usilirudie Pasaka.

Na kwa wengine, hasa sisi tuliosoma soma kidogo, kiti kimekaliwa na haja ya kuwa sahihi. Kwenye kila ubishi lazima tushinde. Tunaomba msamaha kwa kusema "samahani, lakini…" Kufa hapa ni kufunga mdomo pale kwenye mkato, kabla ya "lakini".

Tahadhari moja. Kung'atuka si kuacha kiti kitupu. Katika Luka sura ya 11 Yesu anaeleza juu ya nyumba iliyofagiwa vizuri, ikabaki bila mtu, na yule pepo aliyetolewa akarudi na wenzake saba wabaya kuliko yeye. Ukiacha pombe ukaweka kiburi cha "mimi sinywi", umebadilisha mpangaji tu. Ndiyo maana Kanisa halitupi mfungo peke yake; linatupa kufunga, kusali na kutoa sadaka, vyote vitatu. Kufunga kunamwondoa aliyekaa kitini, sala inamkaribisha Kristo akae yeye, na sadaka inawafungulia wengine mlango.

5. Uhai mpya si kurudi nyuma

Kuna sehemu nyingine Haydom inayonifundisha Kwaresima kuliko vitabu vingi: wodi ya wazazi. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilianza mwaka 1955, na sisi Wakatoliki wengi tumezaliwa humo. Imejulikana duniani kwa utafiti juu ya watoto wanaozaliwa bila kupumua, na juu ya dakika ile ya kwanza ambayo mkunga anapaswa kumsaidia mtoto apate hewa.

Fikiria upande wa mtoto. Kwa miezi tisa ana joto, chakula na mapigo ya moyo wa mama. Ghafla kuta zinambana, maji yanatoka, anasukumwa, kitovu kinakatwa. Vyote vilivyokuwa maisha yake vinakwisha kwa saa chache. Kama angeweza kufikiri, angesema anakufa, na asingekuwa anasema uongo, kwa sababu maisha yale kweli yamekwisha. Ila sisi huku nje tunaita siku hiyo siku ya kuzaliwa.

Najifunza mawili hapo. Kwanza, uhai mpya si ule wa zamani uliorudishwa. Mtoto harudi tumboni akiwa na nguvu zaidi. Lazaro alirudi kwenye maisha haya haya na baadaye akafa tena. Kristo hakurudi, alipita kwenda mbele, na kifo hakimtawali tena. Wengine tunasubiri Pasaka ili turudie tulivyoviacha, bia ya kwanza saa sita na dakika moja usiku baada ya Mkesha! Ndugu yangu, huko ni kurudi kwenye gunia.

Pili, mtoto asiyepumua hawezi kujipa pumzi. Anaipokea. Mkunga anaweka kifaa puani na mdomoni, anasukuma hewa, kifua kinainuka. Kwaresima si mradi wa kujitengeneza upya kwa nguvu zetu, kama wale wanaoanza mazoezi Januari. Tunaweza kuachia; kufufuka tunapewa. Ndiyo maana usiku wa Mkesha wa Pasaka hatusimami kuhesabu tulivyofanikiwa kufunga. Tunasimama mbele ya maji. Mtume Paulo, katika Warumi sura ya 6, anasema ubatizo wetu ulikuwa ni kuzikwa pamoja na Kristo ili tuenende katika upya wa uzima. Maji yale ni kaburi na ni tumbo la mama kwa wakati mmoja.

Hivyo jibu langu ni hili. Kanisa halipendi kifo. Linajua kwamba tutakwisha tu, na halitaki tuishie gunioni. Linatufundisha kuachia kidogo kidogo, kwa hiari, kwa ajili ya mtu fulani, ili siku ile kubwa ya kuachia vyote isitukute hatujawahi kufungua mkono.

6. Ya kufanya wiki hii

Usiandike orodha ndefu. Chagua kiti kimoja. Kitaje kwa jina lake mbele ya Mungu, na ukiweza kitaje kwa padre katika Kitubio, kwa sababu kilichotajwa kwa sauti kimeshaanza kupasuka ganda.

Kisha jiulize: nikiachia hiki, nani atapata uhai? Mpe huyo mtu jina pia. Ni mdogo wako anayehitaji daftari? Ni bibi wa jumuiya yako ambaye ghala lake limefika chini? Ni yule mliyeacha kusalimiana tangu kesi ya mpaka wa shamba? Mfungo wako uwe na mtu upande wa pili.

Na kama wewe ndiye unayeonewa, kazi yako Kwaresima hii inaweza kuwa si kuvumilia zaidi. Inaweza kuwa ni kumwambia mtu. Mwendee paroko, katekista, mama mlezi wa vijana, au mzee unayemwamini. Kusema kweli ukiwa na woga nako ni kufa, na huko kunazaa.

Tusali:

Ee Bwana Yesu, uliyeanguka ardhini kama punje na hukubaki peke yako, tunakuletea mikono yetu iliyofumbwa. Tufundishe kuachia kilicho chetu, na tusiwalazimishe wengine kuachia kilicho chao. Wapokee waliofunikwa na tope la Hanang, wafariji waliobaki, na uwarudishie heshima walionyang'anywa ardhi na makaburi ya wazee wao. Kaa wewe kwenye kiti tunachokiachia, na usiku wa Pasaka utupe pumzi tusiyoweza kujipa wenyewe. Amina.

Nawatakia Kwaresima njema. Tuombeane.